Kalavati Lililoshiba Chupa

Kila akitoka shule, Kidoti alikuwa na kazi moja: kubeba gunia la chupa tupu kutoka kwenye kibanda cha vinywaji cha mama yake hadi kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya soko. Kazi nyepesi, plastiki haina uzito. Shida ni njia. Pipa liko mbali, na watoto wa pale gereji walikuwa wakimwona tu wanaanza: "Mama Makopo huyooo!"

Basi akajifanya mjanja. Chini kidogo ya nyumba yao, mtaro unaingia kwenye kalavati na kupita chini ya barabara. Akawa anashuka pale, anasokomeza chupa mle ndani, vifuniko vimekazwa vilevile, maana mama hataki gunia liloe. "Mvua itazibeba," akajiambia. Anarudi nyumbani anapiga mluzi.

Mvua ikaja Jumamosi mchana. Haikubeba kitu.

Maji ya mtaro yalirudi nyuma, yakajaa uani, yakapanda kizingiti, yakaingia chumbani kwa bibi. Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Kumbeba ovyo ni kumvunja tena, na kitanda chake ni cha chini, karibu na sakafu. Mama alichota maji kwa ndoo, akamwaga nje, yakarudi kama wageni walioalikwa.

"Nipeni ndoano," bibi akasema, "nivue samaki humuhumu kitandani."

Alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania shuka.

Nje, jirani yao fundi bomba na kaka zake wawili walikuwa wanachimbua mtaro nyuma ya choo. "Matope ndiyo yameziba hapa! Chimbeni, acheni kuzubaa!" Wakachimba. Maji yakazidi kupanda.

Kidoti alisimama mlangoni, maji magotini. Ni yeye peke yake aliyejua. Akisema, mama atamchapa na mtaa mzima utamcheka. Asiposema... Akatazama godoro. Pembe moja ilishaanza kulowa.

"Fundi! Siyo hapo!" Sauti ilimtoka kama ya mbuzi. "Ni kwenye kalavati! Mimi ndiye nimelijaza chupa!"

Ndoo ikamponyoka mama. "Umefanya nini wewe?"

"Nilikuwa sifiki kwenye pipa, mama. Zote nimezitia mle."

"Maneno baadaye!" fundi akafoka. "Twende ukanionyeshe!"

Fundi alijifunga kamba kiunoni, kaka zake wakashika ncha ya pili, akaingia majini hadi kifuani. Akachokoa kwa reki. Chupa zilikuwa zimebanana, zimejaa hewa, hazibonyei. Akang'oa moja. Akang'oa fungu. Akavuta tena, na mara kalavati likaguna, likaanza kunywa maji kwa pupa. Kamba ikakazika; maji yalikuwa yanamvuta fundi ndani.

"Vuta! Vuta!" kaka zake wakapigiana kelele.

Wakamvuta hadi juu ya barabara, anatema matope na kuilaani mvua. Chumbani, maji yalianza kushuka. Bibi alikuwa mzima.

Chupa zilitapakaa kando ya mtaro. Kaka mmoja wa fundi akaanza kuzipiga teke zirudi majini. "Ziende zake huko!"

"Huko wapi?" mama akauliza. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Kidoti kuliko kofi. "Huko chini hakuna nyumba? Hakuna mabibi waliolala?"

Kaka akashusha mguu.

Mama akamgeukia binti yake. "Umesema kweli, na ndiyo imemwokoa bibi yako. Lakini sikia. Plastiki haiozi, mwanangu. Ukiisukuma mahali usipoiona, hujaitupa. Umemtupia mwenzako, na leo mwenzako alikuwa bibi. Haya, okota zote. Mimi nashika gunia."

Kidoti akainama kwenye matope, akaanza kuokota. Chupa moja ilikuwa imeshaponyoka, inaelea kwenye maji haba ya barabarani kuelekea mtaa wa chini.

Akaikimbilia.