Vijiti Kumi na Viwili vya Risasi

Kila siku baada ya masomo, Severine wa darasa la sita alipitia kwa babu yake, Mzee Margwe, kwenye stoo ya kanisa pale Tumati. Humo ndani ulikaa mtambo wa kuchapia uliokuwa kimya miaka thelathini. Babu aliwahi kuwa mchapaji, na sasa aliapa kuufufua kabla ya Jumapili, ili kwaya ya akina mama ipate nyimbo zake zilizochapwa kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwao. Julius, fundi kijana kutoka Katesh, alitengeneza magurudumu ya mtambo. Severine alisugua herufi za madini ya risasi kwa mswaki na mafuta ya taa, kisha akanawa kwa sabuni, maana risasi ni sumu.

Jumatano wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye mchezo wa rede. Alikuta vipande kumi na viwili vyenye mstari mmoja tu, tena umeinama. Hii siyo i, wala siyo l. Basi vimevunjika, akajiambia, akavimwaga kwenye kopo la herufi mbovu. Babu alikuwa amemwonya asitupe hata kipande bila kuuliza, lakini mwenye haraka ana masikio gani?

Alhamisi alipofika akasema shikamoo, hakuitikiwa.

Babu alikuwa ameinamia kisanduku kitupu. Alisema mikwaju yake yote kumi na miwili imeibwa, ile alama ya mstari ulioinama ambayo Kiiraqw huandikia sauti ya kooni. Bila mkwaju, neno /ameeni, yaani mwanamke, haliandikiki, na karibu kila wimbo unalo. Severine alilitamka neno hilo kila siku nyumbani, ila hakuwahi kuliona limeandikwa. Shuleni walisoma Kiswahili na Kiingereza tu. Akakumbuka vile vipande vya jana. Akatafuta kopo kwa macho, halikuwepo. Asubuhi ile babu mwenyewe alikuwa amelipeleka kwa Bonaventura, fundi bati, akayeyushe risasi ya kuzibia ndoo.

"Mgeni humu ni mmoja tu," babu alisema bila kuinua kichwa. "Julius, kusanya vyombo vyako."

Julius akainamia vyombo vyake. Alianza kufuta spana moja moja kwa kitambaa. Akiondoka yeye, mtambo utabaki chuma tu, na jina lake litachafuka hadi Katesh. Severine aliogopa hasira za babu, akaogopa baba akisikia, akaogopa macho ya wale akina mama. Akinyamaza, nani angejua? Akamsogelea babu.

"Babu, ni mimi. Nilivitupa koponi. Nilidhani ni vibovu."

Babu akainua kichwa, akamweleza kopo lilikopelekwa. Kisha akaongeza neno moja tu, "Kimbia."

Alikimbia huku analia. Kwa Bonaventura alikuta sufuria juu ya makaa na risasi imeshaanza kung'aa kama fedha. Nusu ya kopo ilikuwa imekwisha kumiminwa. Yeye na fundi walipekua iliyobaki, wakapata mikwaju mitano.

Aliporudi, babu alikuwa ameshika mkono wa Julius, anamwomba radhi. Julius akatandaza tena spana zake.

Mikwaju mitano haikutosha ukurasa, kwa hiyo walichapa mistari michache, wakapanga upya, wakachapa tena, hadi Jumamosi jioni. Babu akampa Severine karatasi ya kwanza, wino bado mbichi, akamwambia asome. Akasoma kwa sauti: /ameeni. Lilitoka kooni vilevile anavyolisema mama yake.

"Wewe ulitupa usichokijua kwa sababu hukuuliza," babu alisema. "Mimi nusura nimtupe mtu kwa sababu sikuuliza. Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu. Na ukikosea, sema mapema, kabla risasi haijayeyuka."

Jumatatu, kwaya ikiwa imeshaimba na karatasi zake, Severine alisimama mlangoni, akasema shikamoo.

"Marahaba," babu akaitikia, akamsogezea mswaki.