Duara Lililosimama Kwenye Fundo

"Maharage yameiva." Sauti ilikwaruza sikioni. "Rudia."

"Maharage yameiva."

"Mgeni akifungua ukurasa tu, niambie. Tunambeba akiwa mezani."

"Sawa, mkuu."

Redio ikakatika. Mkuu Luhaga, aliyekuwa ndani ya Land Cruiser yenye vioo vyeusi huko Vwawa, hakuwa mtu wa maneno. Tangu amtume Tukuswiga hapa Tunduma mpakani, mwaka wa pili sasa, hakuwahi kumuuliza hata hali.

Tukuswiga akainua darubini yake ya Nikon. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya foleni ya malori, mwanamume mwenye suti ya kijivu alikuwa barazani mwa hoteli. Ofisi ya upelelezi ilimpa jina Mgeni. Ilisema ndiye bosi wa sindano bandia za malaria, zile zilizovushwa mpakani ndani ya magunia ya maharage masika yaliyopita. Watoto walichomwa sindano hizo wakazikwa nazo.

Leo mzigo mwingine ulikuwa upande wa pili wa mpaka, unangoja neno moja.

Bosi hakupiga simu kamwe. Aliagiza kwa tovuti. Mtu wake, Anania, alikuwa ameingia katika duka la kompyuta la Tukuswiga, cheni shingoni, akasema, "Rosemary, mkubwa anataka picha ya magunia, na kioo cha kukuza. Apitishe kidole, aone kama kayainamia." Chini ya picha aliagiza kitufe kimoja: VUSHA.

Rosemary! Hilo ndilo jina alilovaa hapa, fundi wa kompyuta, mtu wa Dodoma. Nyumbani Ibaba, milimani, waliambiwa yuko Muscat.

Akakijenga kioo. Ukurasa juu, wa kawaida. Chini yake nakala ileile, kubwa mara mbili, imefichwa. Katikati tundu la duara linalofuata kidole: kidole kikienda kulia, nakala ya chini inavutwa kushoto, ili kilichoguswa kije ndani ya duara. Mara ya kwanza alisahau kuzidisha mwendo kwa mbili. Akagusa gunia, duara likamwonyesha paa la ghala. Alicheka peke yake hadi akanyamaza peke yake. Mara ya pili kidole kiliziba duara, akalipandisha juu kidogo.

Kisha akatia lake. Kila duara lilikosogea, nukta nyekundu ilisogea kwenye laptopu yake. Mwenye kukitazama kioo, kioo nacho kilimtazama.

"Hodi humu! We Rose, umekula?"

Darubini ikazama chini ya meza.

"Bado, mama."

"Bado, bado! Utakuja kufa njaa na mashine zako hizi, wallahi nakwambia."

Mama Fausta akaingia na kikapu, chupa ya chai na viazi vitamu vya moto. Alikuwa mnunuzi wa maharage kutoka Igamba, mama wa watu, na katika mji mzima wa Tunduma ni yeye peke yake aliyemuuliza Tukuswiga kama amekula. Tukuswiga alipougua mafua alimpikia uji. Siku za Jumapili alimsuka. Tukuswiga alimpenda, basi. Kazi yao inakataza, lakini moyo haukusoma kanuni.

"Nakaa kidogo, mwanangu, niibe waifai yako."

"Karibu, mama."

Akaketi kwenye benchi la wateja, akatoa Samsung yake.

Nukta nyekundu ikawaka.

"Amefungua," Tukuswiga akajisemea kimoyomoyo, akaipandisha darubini taratibu pembeni mwa printa.

Mgeni alikuwa anatafuna kuku. Kwa mikono miwili. Mafuta hadi viganjani, simu yake imelala kifudifudi kando ya chupa ya maji.

Nukta ilikuwa inatembea.

Haikugusa lebo za magunia. Haikugusa mihuri. Ilikwenda moja kwa moja kwenye midomo ya magunia, pale kamba inapofungiwa, ikatulia. Ikahamia fundo la pili. La tatu, safu ya chini, ikakaa sana.

Mgeni gani atazamaye fundo? Kwao milimani kila nyumba ina fundo lake la kufungia gunia. Ndivyo mtu anavyolitambua lake ghalani. Lebo ni ya mjini, fundo ni la mama. Huyu alizaliwa akifunga magunia.

Akageuka polepole.

Kidole gumba cha Mama Fausta kilikwenda kushoto. Nukta ikaenda kushoto. Kidole kikashuka. Nukta ikashuka.

Hapana. Hapana jamani, si huyu.

Watu wengi hutumia waifai. Akavuta kibodi, akabadilisha namba moja tu ya ukuzaji: mbili ikawa kumi.

"Ala!" Mama Fausta akaruka. "Mbona limekuwa jitu hili?"

Mama akainua macho, akaiona laptopu, akamwona binti nyuma yake. Hakuwa mjinga hata siku moja. Kidole kikaenda VUSHA.

Akabonyeza.

"Nimekikata kitufe, mama. Hakiendi popote."

Bastola ya Glock ilikuwa tayari mkononi, imeelekezwa kwa mtu aliyemsuka juzi. Aliumia, nyie. Aliumia hadi meno.

"Mkuu. Siyo Mgeni. Mzigo uko safu ya chini, gunia la tatu. Hapo ndipo alipokaa sana. Bosi ninaye dukani."

"Nani?"

"Fausta. Wa maharage."

Wenzake waliokuwa wakimvizia Mgeni hotelini walifika haraka, wakiwa na nguo za kiraia. Redioni wenzao wa ng'ambo wakathibitisha: gunia limepasuliwa, sindano tele. Mama Fausta alinyoosha mikono bila kelele, kama anapimwa bangili.

"Ulinijua tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Na jina lako hasa nani, mwanangu?"

Lilimjia hadi kwenye ulimi. Hakuna aliyeliita jina hilo tangu aondoke Ibaba. Akaufunga mdomo.

"Haya," mama akasema. "Viazi vimo kikapuni. Ule, usilale njaa."

Wakamtoa.

Tukuswiga akaufuta ukurasa, akafunga laptopu, akavaa miwani myeusi. Akashusha shata la duka. Dereva mmoja Mzambia akampigia honi, akamsalimia kwa Kibemba, "Rosemary, mulishani?" Hakugeuka. Rosemary alikwisha.

Alikuwa amepita lori la tano, hatua zake shwari, redio ilipokwaruza tena.

"Kazi safi. Kuna ushahidi mwingine uliobaki dukani?"

"Hakuna, mkuu," akasema, kiazi cha moto kimejaa mdomoni.