Hema la Juu, Hema la Chini

Mama mdogo Mariette, dada wa mama yangu, anauza viazi hapa Butembo. Si mtu wa kutunga maneno. Haya alinisimulia mwenyewe, na mume wake Zorobabel alikuwa ameketi pale pale.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Walitoka na jeep kwenda kuona shamba la viazi kwenye milima ya Lubero. Jeep hiyo Zorobabel aliinunua ikiwa imetumika, na ilikuja na hema juu ya paa, lenye ngazi yake. Wakati wa kurudi mvua ikanyesha, tope likafunga njia ya kilimani. Wakaegesha kando ya mikaratusi, wakakubaliana kungoja asubuhi.

Hapo wakabishana kidogo, bila hasira. Zorobabel alitaka wapande wote wawili: juu hakuna maji, hakuna nyoka. Mariette akasema goti lake halipendi ngazi, tena nani atashuka gizani kwenda haja? Nyuma ya viti walikuwa na hema dogo la chini. Akalisimamisha karibu na gurudumu, akatandika blanketi. Mume akacheka, akapanda, akavuta ngazi juu na kuifunga kwa kamba, kwa kuogopa wezi.

Ukungu ukashuka pamoja na giza. Mariette alikuwa bado macho aliposikia ngazi ikilia. Mtu anashuka, polepole. Miguu ikagusa tope. Ikazunguka hema lake. Kisha kiganja kikabonyeza kitambaa, karibu na uso wake, kikabaki hapo.

Akanong'ona: "Zorobabel, ni weye?"

"Ni miye," sauti ya mume wake ikajibu. "Toka, tulale wote kule juu. Hapa chini ni mubaya."

Alikuwa ameshashika zipu. Ndipo akasikia, juu ya paa, Zorobabel akikoroma.

Mkoromo huo anaujua miaka yote ya ndoa yao. Hakuweza kukosea.

Akaachia zipu. Kiganja kikaondoka kwenye kitambaa. Miguu ikarudi kwenye jeep. Ngazi ikalia tena.

Sasa kilikuwa kinapanda.

Akafungua mdomo amwite mume wake. Kabla hajatoa sauti, mkoromo ukakatika. Halafu akasikia sauti ya mwanamke kule juu, chini chini, ya upole.

"Baridi iko mingi," ilisema. "Sogea kidogo."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Jeep ikayumba kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Mariette alishika rozari mpaka miti ikaanza kuonekana.

Kulipokucha akatoka. Ngazi ilikuwa bado juu, imefungwa kwa kamba ile ile, kavu, bila tope. Alipomwita, Zorobabel alifungua hema akitabasamu.

"Ulifanya bien, vizuri sana, kupanda," alisema. "Lakini mikono yako! Ilikuwa baridi sana."

Mariette alimwambia yote njiani, mlango wa jeep ukiwa umefungwa. Zorobabel alifungua tu vifungo vya shati.

Toka mgongoni mpaka kifuani, mahali mtu anapokumbatiwa usingizini, ngozi yake ilikuwa imepauka. Muuguzi aliyempima hakuona ugonjwa wowote. Hema lile la juu walilichoma. Lakini hata leo, Zorobabel akikaa karibu na mbabula, jiko la makaa, sehemu hiyo haipati joto, na kila asubuhi shati lake linakutwa limelowana hapo tu, upana wa mkono mmoja mwembamba.