Sauti ya Tabitha Kwenye Kaseti

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Nzisa Mwololo alichukua ndoo ndogo na kitambaa akaenda kupangusa gari la Mwalimu Mugure. Mji wa Kitengela mwaka wa 2004 ulikuwa na vumbi la kugawia wilaya nzima ya Kajiado na bado likabaki. Gari lenyewe lilikuwa limefika wiki mbili tu zilizopita kutoka Japani, na kiranja huyu wa darasa la saba ndiye pekee aliyeaminiwa funguo. Sharti lilikuwa moja: asafishe ndani na nje, lakini redio asiiguse.

Redio hiyo ilikuwa na kazi kubwa. Shule yao, pembeni mwa mtaa wa Noonkopir, haikuwa na umeme, na kinasa sauti cha kwaya kilikuwa kimekufa spika. Mwalimu alikuwa akirekodi nyimbo kwa kinasa hicho hicho cha betri, kisha anatia kaseti kwenye gari na kusikiliza. Hakuyaamini masikio yake mwenyewe. Alipenda kuwaambia wanakwaya kwamba masikio yake yamewazoea na yanawapendelea, ilhali kaseti haimjui mtoto wa mtu.

Jumatatu, siku kumi kabla ya tamasha la muziki mjini Kajiado, mkono ulimwasha Nzisa. Binamu yake Roy alikuwa fundi wa redio za magari, na mara nyingi Nzisa alimtazama akibonyeza na kuzungusha kitufe. BAS ilikuwa sauti nzito, TRE sauti nyembamba. Roy hakutaka mchezo. "Besi ndiyo muziki, cuzo," alikuwa akisema. "Hiyo ingine ni kelele tu."

Basi Nzisa akapandisha sauti nzito hadi tano, mwisho wake, na ile nyembamba akaishusha hadi hasi tano. Redio ikanguruma mpaka viti vikatetemeka, naye akacheka peke yake ndani ya gari. Kengele ikalia. Akazima, akafunga milango na kukimbilia darasani. Nambari aliziacha vivyo hivyo.

Kesho yake mwalimu alirekodi beti mbili za mwanzo za wimbo wa tamasha zikiimbwa na Tabitha peke yake. Tabitha alikuwa msichana mpole aliyetoka kwa wafugaji upande wa tambarare, na sauti yake ilikuwa nyembamba na safi. Kisha mwalimu akamrekodi Nzisa, mwimbaji wa akiba, mwenye sauti nene ya kujaa. Milango minne ya gari ikafunguliwa, kwaya yote ikazunguka kusikiliza. Tabitha alisikika kama mtu anayeimba akiwa amejifunika blanketi. Nzisa alivuma vizuri.

Mwalimu alirudisha kaseti nyuma mara tatu, uso umekunjamana. "Tabitha, maneno unayameza," alisema hatimaye. "Hakimu akikaa kule nyuma hatasikia kitu. Nzisa ataimba."

Nzisa alijua papo hapo. Ile ilikuwa besi ya Roy, si koo la Tabitha. Lakini nafasi hiyo aliitamani tangu darasa la tano, na sasa ilikuwa imemwangukia mikononi bila kuiomba. Akainamisha kichwa, akanyamaza. Alijua si haki, ila furaha nayo ilikuwepo, na hilo ndilo lililomtia haya zaidi.

Jioni hiyo Tabitha alimfuata langoni. Hakuwa amekasirika. Alimpa daftari lake la kwaya, maneno ya wimbo yameandikwa kwa mkono nadhifu, na vistari vya penseli kila mahali pa kupumua. "Hapa kwa 'visima' uvute pumzi mapema," alimwambia. "Usipovuta utakatika." Akaenda zake, njia ndefu ya kwao. Nzisa alibaki na daftari mkononi, hajui alitie mkobani au alirudishe.

Siku ya Jumatano na Alhamisi aliimba beti zile mbele ya kwaya, na kila alipofika kwenye kistari cha penseli, pumzi ilimpotea. Ijumaa aliamua. Aliingia garini, akabonyeza kitufe, akarudisha BAS kwenye sifuri na TRE kwenye sifuri. Akashusha pumzi. Kisha akaona, kupitia kioo, orodha ya waimbaji iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi. Jina lake lilikuwa juu, la Tabitha chini kabisa. Redio ilikuwa imepona, lakini Tabitha alikuwa bado na aibu isiyo yake. Kwa hivyo Nzisa akashika funguo na kwenda moja kwa moja ofisini, kabla miguu haijabadilisha nia.

"Mwalimu, Tabitha hakumeza maneno," alisema. "Ni mimi niligusa redio."

Alieleza yote, hata furaha yake. Mwalimu alichukua kaseti ya Jumanne, wakaenda garini, akamwamuru arudishe nambari kama zilivyokuwa siku ile. Blanketi likarudi juu ya sauti ya Tabitha. Kisha akamwambia aweke sifuri. Nzisa akazungusha kitufe taratibu, na neno moja baada ya jingine likajitokeza, mpaka "visima" ikasikika wazi kabisa, pumzi yake mahali pake.

Mwalimu Mugure alizima redio. "Hata mimi nimekosea," alisema. "Nimemsikia huyu mtoto miaka mitatu, halafu nikaamini mashine nisiyoijua." Aliomba funguo, akazitia mfukoni. Kumweleza Tabitha, alisema, itakuwa kazi ya Nzisa mwenyewe, tena mbele ya kwaya.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko wimbo wowote. Nzisa alisimama, akakiri, akamrudishia Tabitha daftari lake. Siku nzima Tabitha hakumsemesha. Jumatatu alikuja akasimama karibu naye kwenye mstari, akamwambia kibwagizo chake kiko chini sana, apaze sauti.

Mjini Kajiado kwaya yao ilishika nafasi ya pili. Tabitha aliimba beti zake hadi watu wa nyuma wakanyamaza, na kibwagizo kilipoingia, sauti nene ya Nzisa ndiyo iliyokibeba.

Wiki iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mwalimu alimwita Nzisa na kumnyooshea funguo. Nzisa alisita kuzipokea.

"Ile Ijumaa, kurudisha nambari kwenye sifuri kulikuchukua muda gani?" mwalimu aliuliza.

"Dakika moja, Mwalimu."

"Na kuja kuniambia?"

"Siku tatu."

"Siku hizo tatu mwenzako alizibeba bila kosa. Ukiharibu kitu tena, na utaharibu, kwa sababu wewe ni binadamu, uje kwangu kwanza. Kitufe tutakigusa pamoja."

Nzisa akapokea funguo, akaenda kutafuta ndoo.