Koki ya Shaba

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika hadi barazani. Watu walipigana vikumbo kati ya mabati na ndoo za rangi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama dada mmoja mwenye gauni la kijani na viatu vyeupe visivyofaa hata kidogo kwenye vumbi la saruji. Alikuwa anageuzageuza kiungo cha bomba mkononi.

"Dada, hicho ukikifunga kitavuja kabla hujaweka spana chini," ilisema sauti nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu aliyevaa ovaroli la buluu lililopigwa pasi mpaka likashika mstari. Jamani, nani anapiga pasi ovaroli?

"Na wewe ndiye mwenye duka?"

"Mimi fundi bomba. Miaka kumi na moja kazini, na hakuna nyumba iliyowahi kuniita mara ya pili kwa tatizo lilelile."

"Majigambo hayo."

"Si majigambo, dada yangu. Ni rekodi."

Dada akacheka bila kutaka. Alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, mtu wa kuamini kilichopimwa tu, na sebuleni kwake ghorofa ya tatu alikuwa na tangi kubwa la maji ya chumvi lililokuwa linadondosha matone kwenye dari ya jirani wa chini.

"Nakupa nafasi moja," akasema. "Ikivuja, tusijuane."

"Na isipovuja?"

"Utakunywa chai."

Haikuvuja. Chai ikanywewa, ikafuatwa na ya pili, na kabla ya mwezi kwisha fundi alikuwa na kikombe chake katika kabati la nyumba ile.

Tangi lenyewe lilikuwa ndiyo fahari ya dada yule. Chini ya taa ya samawati samaki wanne walizungukazunguka juu ya konokono na kamba wadogo, na katikati lilikaa tumbawe la zambarau lenye ncha za kijani, pana kuliko sinia. Miaka sita nyuma alilinunua likiwa kipande kisichozidi ukucha. Wafugaji wenzake kwenye kundi la simu walimwita Mama Tumbawe, naye hakuona haya kuitika.

"Kumbe unafuga mawe, Maabara," fundi alimtania siku ya kwanza.

"Mawe? Hebu sogea. Unaviona hivyo vinavyochezacheza? Kila kimoja kina mdomo. Hao ni wanyama, na wanakusikia."

"Basi waambie shemeji yao amekuja."

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao fundi alileta zawadi. Wengine huleta maua. Yeye alileta koki ya shaba aliyoisugua mwenyewe hadi unajiona uso ndani yake, akaondoa ile ya plastiki chini ya kabati na kuifunga hii palepale maji yanaporudi kwenye tangi.

"Plastiki ni ya watu wenye haraka," alisema huku akijifuta mikono. "Kwa mpenzi wangu nafunga kitu cha kuzikana nacho."

Dada akambusu shavuni, akapiga picha ile koki na kuituma kwa rafiki zake wa kazini. Wakamwonea wivu, na yeye akafurahi kuonewa.

Wiki mbili baadaye konokono walianza kuanguka kutoka kwenye kioo. Kamba wadogo wakafuata, mmojammoja. Kisha tumbawe likafumba midomo yake yote, na lilipofumbua halikufumbua vizuri. Shina likaanza kupauka, ngozi ikabanduka na kuacha mfupa mweupe. Samaki, cha ajabu, walikula na kunenepa.

Dada alifanya alichokijua. Alipima chumvi, joto, kalsiamu, na asidi ya maji asubuhi na jioni. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alipunguza taa, akaongeza mzunguko wa maji, akachunguza wadudu kwa lenzi. Hakuna. Mtu aliyezoea kuwapa wagonjwa majibu yao sasa alikuwa na mgonjwa wake mwenyewe, na hakujua anaumwa nini, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Jumapili moja akakumbuka jambo, akapiga simu.

"Fundi, ile ndoo ya kubadilishia maji, wewe ndiye uliyeiosha?"

"Ndiyo, mpenzi. Nilitaka kukusaidia."

"Kwa sabuni?"

"Kwa maji matupu, kama ulivyonifundisha."

"Una hakika? Maana kila kitu nimepima. Kilichobaki ni mikono yako."



"Mikono yangu?" fundi akasema taratibu. "Maabara, mikono hii ndiyo cheti changu. Nikikwambia maji matupu, ni maji matupu."

"Basi tumbawe langu limejiua lenyewe!"

"Siku utakayoniamini, namba yangu unayo."

Simu ikakatika. Hakuna aliyepiga tena. Siku kumi zilipita. Dada alisubiri aombwe radhi, na fundi naye vilevile. Wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, na kila jioni tumbawe lilipungua upana wa kidole.

Siku ya kumi na moja mapenzi yakamshinda fundi. Aliingia katika duka la samaki wa mapambo kutafuta tumbawe dogo la kumpelekea. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani mnene, alimwacha azunguke. Mafundi wana ugonjwa wao: samaki hakuwatazama, alitazama mabomba.

"Mama, mbona kazi yako nzima ni plastiki? Ningekufungia koki za shaba, za maisha."

Mama yule alishusha kikombe chake mezani.

"Shaba ndani ya maji ya chumvi? Unataka kuniulia mali, mwanangu? Chumvi inaila shaba polepole, inageuka sumu. Samaki wanaweza kuvumilia. Konokono na kamba hufa kwanza, kisha matumbawe."

Fundi aliomba kipimo cha shaba, akalipa. Miaka kumi na moja ya rekodi ilimporomokea pale dukani.

Sasa sikilizeni. Ufunguo wa nyumba ile alikuwa nao mfukoni. Dada alikuwa kazini hadi jioni. Angeweza kupanda ngazi, kurudisha koki ya plastiki, na kushuka, na hakuna mtu duniani angejua. Jina lake lingebaki safi. Nitakuwa mwongo nikisema hakuliwaza hilo. Aliliwaza mpaka kwenye kona ya barabara. Pale konani akapita moja kwa moja kuelekea hospitalini.

Kwenye dirisha la maabara kulikuwa na foleni ya wagonjwa. Fundi alisimama mwisho wa mstari, na ilipofika zamu yake, dada, ndani ya koti lake jeupe, alisema bila kuinua macho:

"Karatasi yako."

"Sina karatasi. Nimekuja kukiri."

Akainua macho. Foleni nzima ikatega masikio.

"Ulinishtaki kwa sabuni, na sabuni sikutumia. Ila tumbawe nimeliua mimi. Ile koki ya shaba ndiyo sumu. Nimeambiwa leo, na nimenunua kipimo chake, nenda ukahakikishe mwenyewe."

Aliweka kichupa dirishani. Dada alikitazama, kisha akamtazama yeye.

"Ufunguo unao," akasema kwa sauti ya chini. "Ungeweza kuitoa kimya kimya."

"Ningeweza. Lakini kazi mbaya yenye jina langu naisema mwenyewe, sisubiri isemwe."

"Msamehe, dada!" bibi mmoja kwenye foleni akadakia. "Wa hivi wameadimika!"

Dada alivua glavu, akamwomba mwenzake amshikie zamu.

Nyumbani, maji kwenye kichupa yaligeuka rangi ya waridi. Shaba ilikuwemo, tele. Yeye aliyejisifu kwa kupima kila kitu alikuwa hajapima hicho kimoja.

"Nilikusingizia," akasema. "Nisamehe, laazizi."

"Mshtakiwa ulimpata sawa. Ulichokosea ni shtaka tu."

Wakacheka, kisha dada akalia kidogo, na kazi ikaanza. Fundi aling'oa koki na kufunga ya plastiki kwa uangalifu uleule aliofungia shaba. Dada alikata ncha nne zilizokuwa bado na uhai, akazibandika kwa gundi kwenye vijiwe na kuzihamishia kwenye tangi dogo lenye maji mapya. Lile kubwa waliliwekea mkaa wa kuchujia, na kwa wiki sita fundi alipandisha ndoo za maji ghorofa tatu kila baada ya siku mbili, ovaroli limepigwa pasi. Ncha moja ilikufa. Tatu zilishika vijiwe vyao na kufumbua midomo.

Siku ya kuzirudisha kwenye tangi kubwa, mama yake dada alikuja kutembea. Alikuwa mwalimu mstaafu, na macho yake hayakuwa yamestaafu. Alivitazama vile vipande vitatu, kisha akamtazama fundi.

"Binti yangu alikuwa na tumbawe kama sinia. Nani aliliua?"

Fundi alisimama wima. Alifungua mdomo, lakini dada akamtangulia.

"Ni huyu, mama. Alikuja kuniambia mwenyewe mbele ya watu, wakati hakuna aliyejua. Na ndiye atakayenioa."

Chai ilimpalia fundi. Mama aliweka kikombe chake chini.

"Amekwambia anakuoa?"

"Bado. Ana kichwa kigumu, anasubiri matumbawe haya yakue kwanza."

"Nilitaka nije na kitu kizima mkononi," fundi alisema, uso umemwiva.

Mama alinyanyuka, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza na kutazama viganja vyake vilivyochubuliwa na chumvi.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Umekuja nacho."