Ufunguo wa Baba Mkwe Chini ya Maji

— Mjomba, hii nini?

Zubeida alikuwa akikunja suruali ya mchumba wake botini, nje kidogo ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ndipo ilipodondoka pakiti ya kondomu. Imechanwa. Ndani zimebaki mbili. Ya tatu haipo.

Mjomba Chamsudine, nahodha na mlinzi wa heshima ya familia, alitazama mara moja, akaigeukia injini kana kwamba imemwita.

— Mimi Kireno sijui kusoma, mwanangu.

— Hiyo haihitaji kusoma!

Ndoa ilikuwa Ijumaa. Mshitakiwa, Tuaibo, alikuwa chini ya bahari na mtungi mgongoni, akikagua matumbawe kwa amani kabisa. Zubeida akamwandikia: "Nani mwenzangu? Nijibu sasa hivi." Simu ya Tuaibo ikalia mapajani mwa Zubeida mwenyewe, maana ndiye aliyeachiwa aitunze.

Mwishowe kichwa kikaibuka.

— Zu, nimeona kasa!

— Na mimi nimeona hizi. Moja iko wapi?

— Ninayo.

— Unayo wapi?

— Hapa kifuani.

— Astaghfirullah, akasema mjomba.

Tuaibo akapanda, akafungua zipu ya nguo ya kuzamia, akavuta kondomu iliyofungwa mafundo mawili. Ndani yake ulilala, mkavu kabisa, ufunguo wa gari la babake Zubeida.

— Baba aliniambia nini aliponiazima gari tubebe mchele wa harusi?

— "Mkwe, ufunguo huu usibanduke mwilini mwako."

— Basi. Na huu ni wa rimoti, ukilowa umekufa. Kondomu nilimwomba Dada Luzia, muuguzi wa posto ya afya, nikamwambia ni za ufunguo. Alicheka mpaka akakaa chini.

— Si ungeniachia mimi?

— Wewe si mwili wangu. Mpaka Ijumaa.

Zubeida akacheka huku analia. Simu yake ikaita: baba.

— Ufunguo wangu?

— Anao mkwe wako, baba. Mkavu.

— Alhamdulillah! Nimepata mtoto mwenye adabu. Baharini ameutunzaje?

Mjomba akanyakua simu.

— Kwa mfuko wa afya, shemeji.

Ijumaa, baada ya nikaha, Tuaibo alimpa mkewe ufunguo ule. Zubeida akaufunga kwenye pindo la kapulana aliyojifunga kiunoni.

— Mkwe, umebanduka! akaonya baba.

— Hapana, baba. Uko mwilini mwangu, akajibu Tuaibo akimwonyesha mkewe.

Baba akainua mikono kushukuru. Sahani ya kwanza ya pilau ikapelekwa kwa Dada Luzia, ambaye ndiyo kwanza siku hiyo akaiamini habari ya ufunguo.