Kiraka cha Rangi ya Asali

Sina subira na watu wa kunitisha kwa hadithi za majini. Hii naiandika kwa sababu fundi rangi aliyenisimulia ni rafiki yangu, mtu ambaye hata ukuta ukimharibikia husema kosa ni lake.

Mke wa kaka yake alikuwa na mimba iliyoshika baada ya mbili kuharibika, na roho haikumtulia. Alimwita wachague rangi ya chumba cha mtoto: asali au tofali. Fundi akapaka kiraka cha kila rangi ukutani, akafunga mlango na madirisha ya mbao ili wazilinganishe kwa mwanga wa taa. Umeme ukakatika.

Gizani wakasikia brashi ikipaka. Shwaa. Shwaa.

"Shemeji, unapaka huoni? Hiyo tofali yako siitaki."

"Brashi nimeiacha nje, kwenye maji."

Mwanamke akacheka kidogo. Sauti ikasogea, ikawa nyororo, kama inapita juu ya nguo.

"Basi acha utani, unanichafua gauni."

"Shemeji, mimi niko huku natafuta kitasa."

Akakipata, akafungua; giza halikudumu hata dakika tano. Juu ya tumbo la shemeji yake palikuwa na kiraka cha asali, kingo zimenyooka kama kazi ya fundi mzoefu. Akakigusa, kidole kikaondoka na rangi mbichi. Chini yake kulikuwa na tabaka la kwanza, lile linalohitaji saa nzima kukauka, nalo lilikuwa limekauka kabisa.